Tulilipa mashine, lakini ufunguo ulibakia kwao

Wandugu watumikaji, mama zetu na watoto wa kambi, leo hatuzungumuzie mushahara wala kaske. Tunazungumuzia mashine ya kuchezea, ile yenye watoto wanaunganisha ku televizyo. Musicheke kwanza. Mukisoma mupaka mwisho mutaona kama ni mambo yetu pia.

Ilianza namna hii. Kamarade mumoja wa posti ya usiku aliingia mu biro ya sindika, matope bado ku viatu. Tulifikiri anakuja juu ya saa za ziada. Hapana. Alinunua mashine ya kuchezea, ya mukono wa pili, yenye kutoka Ulaya, juu mutoto wake alipita darasa muzuri. Alilipa dolare 60. Muuzaji alimuambia: "Michezo ingine mutanunua ku internete, na mutacheza na watu wa dunia yote." Baba na mutoto wakanunua mega, wakaunganisha mashine na telefone, wakangoja. Kumbe duka ya michezo ilifungwa tangu zamani. "Delege," akatuambia, "mashine iko muzima, taa inawaka, lakini mulango haufunguke. Nitalalamika wapi?"

Hatukukuwa na jibu. Tuliuliza vijana wenye kujua, tukasoma, na leo tunawaletea yenye tuliona.

Muchezo wenye kuishi kwa mwengine

Mashine za zamani sana hazikuomba mutu ruhusa. Unatia kaseti, unacheza, basi. Lakini tangu miaka ya 2000, makompani makubwa matatu, Nintendo na Sony za Japani pamoja na Microsoft ya Marekani, zilifunga mashine zao ku internete. Ilikuwa kitu kizuri: mutoto wa Lubumbashi anaweza kupiga mupira na mutoto wa Liège, kila mutu akiwa kwao. Lakini kati yao wawili kuko ordinatere kubwa ya kompani, inaitwa serveri. Yeye njo anakutanisha wachezaji, anahesabu mabao, anachunga majina na kuuzisha michezo mipya.

Serveri inakula umeme. Inaomba watumikaji wa kuitengeneza na kuichunga juu ya wezi. Wakati wachezaji wanapunguka, kwa sababu wengi wamenunua mashine mupya, kompani inapiga hesabu yake. Hesabu ikikataa, inazima.

Tuchukue mufano wa Nintendo. Ilitosha mashine ya mukono, 3DS, mu mwaka wa 2011, na ya nyumba, Wii U, mu mwaka wa 2012. Ile ya mukono peke yake iliuzishwa zaidi ya milioni 75. Tarehe 27, Mwezi wa 3, 2023, duka ya zote mbili ilifungwa: hakuna kununua tena. Mwezi wa 10 wa mwaka ule, kompani ikatangaza kama hata kucheza pamoja kutaisha. Tarehe 8, Mwezi wa 4, 2024, serveri zikazimwa.

Tuseme kweli yote: preavi ilitolewa, karibu miezi sita. Michezo ya kucheza peke yako inaendelea kutembea, na mwenye alinunua mbele ya kufunga aliachiwa bado nafasi ya kushusha michezo yake tena. Lakini mwenye kununua ile mashine leo ku soko, ananunua nyumba yenye nusu ya vyumba imefungwa.

Haiko Nintendo peke yake. Microsoft ilizima kucheza pamoja ku Xbox ya kwanza tarehe 15, Mwezi wa 4, 2010, na duka ya mashine yenye kufuata, Xbox 360, tarehe 29, Mwezi wa 7, 2024.

Wenye walikataa kutoka

Siku ile ya 2010 kulitokea jambo lenye kila mutu wa sindika ataelewa bila kufasiriwa. Mulango wa kuingia ulifungwa, lakini wenye walikuwa tayari ndani ya muchezo wa Halo 2 hawakutupwa inje. Kama hauzime mashine na hautoke, unabakia. Basi kikundi kidogo kikakataa kuzima. Waliacha mashine zinawaka usiku na muchana. Mumoja mumoja akaanguka: huyu mashine ilipata moto sana, yule internete ilikatika. Wa mwisho alifika mupaka Mwezi wa 5, zaidi ya wiki tatu kisha bwana wa nyumba kufunga. Hawakushinda kitu. Lakini sisi wenye tulishakaa ku barriere ya kompani usiku wote na moto wa makala, tunajua mutu anabakia juu ya nini.

Wengine walichagua njia ingine. Watu wenye kujua ordinatere, bila mushahara, walijenga serveri zao: Wiimmfi kwa mashine za Wii na DS, zenye Nintendo ilizima mu 2014, Insignia kwa Xbox ya kwanza, Pretendo kwa 3DS na Wii U. Leo watu wanacheza tena humo. Bwana alichukua ufunguo, wapangaji wakatengeneza wao.

Kidole kimoja hakivunji chawa

Kuko na siku moja yenye kelele ya watu ilirudisha kompani nyuma. Mu mwisho wa Mwezi wa 3, 2021, Sony ilitangaza kama itafunga duka ya mashine tatu: PlayStation 3, PSP na Vita. Wachezaji wakakasirika, wakaandika, wakasema kila fasi. Haikupita mwezi. Tarehe 19, Mwezi wa 4, mukubwa wa PlayStation, Jim Ryan, alitangaza kama walikosea: duka ya PlayStation 3 na ya Vita zitabakia wazi. Ya PSP tu ndiyo ilifungwa, mu Mwezi wa 7. Mbili juu ya tatu: sisi wenye kujua meza ya mazungumuzo, tunajua kama ile haiko matokeo mabaya.

Kisha kukaja jambo la The Crew, muchezo wa magari wa kompani Ubisoft ya Ufaransa. Tarehe 31, Mwezi wa 3, 2024, serveri ilizimwa, na hata mwenye kuwa na diski mukononi hakuweza kucheza tena, wala peke yake. Kutoka pale kulizaliwa kampanye yenye kuitwa Stop Killing Games, yenye ilianzishwa na Ross Scott. Hawaombe serveri zikae milele. Wanaomba neno moja: siku kompani inaondoka, iache muchezo katika hali ya kutumika. Mu mwaka wa 2025, watu zaidi ya milioni moja wa Umoja wa Ulaya walitia sinyatire. Na mu California, ku Marekani, tangu tarehe 1, Mwezi wa 1, 2025, sheria inalazimisha wauzaji wa michezo ya internete waseme wazi kama unanunua ruhusa ya kutumia, haiko kitu chako kabisa.

Soma tena ile maneno: ruhusa ya kutumia. Wazee wetu waliishi mu nyumba za kambi. Walipaka rangi, walipanda maembe, walizaa watoto mule. Siku kontra iliisha, wakajua kama hata muti wa maembe ulikuwa wa kompani. Muchezo wa internete ni nyumba ya kambi. Mashine ni yako, ulilipa. Lakini yenye kuwa ndani unapangisha tu, na preavi inaandikwa na mwengine, mu luga yenye haukusoma.

Na kuko kitu kingine. Mashine za mukono zinatembea na bateri za lithiumu, na mingi ya bateri za namna ile iko na kobalti. Zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka mu inchi yetu, hapa kwetu Katanga. Mutu alishuka mu kishimo, alivuta vumbi, alibeba mufuko. Ile jiwe haioze. Lakini mashine yenye iko nayo inawekwa pembeni ikiwa muzima, juu tu mu biro ya mbali mutu alifunga serveri. Jasho letu linaishi kuliko ahadi yao.

Mbele ya kulipa

Kamarade alirudi kwa muuzaji pamoja na sisi wawili, bila kelele. Wakasikilizana: muuzaji alimupa diski tatu za zamani. Zinatembea bila internete. Sasa watoto wa lupango yote wanajaa mu salon yake, na mama wa nyumba ndiye anakuja kulalamika kwetu.

Basi, mbele ya kutosha feza, fanyeni hivi. Ulizeni kama duka ya ile mashine ingali wazi. Chagueni michezo ya diski ao kaseti, na muipime pale pale internete ikiwa imekatwa: kama inafunguka, ni yenu. Kama mulishanunua michezo ku internete, muishushe yote ku mashine sasa, musingoje preavi. Na musinunue bila kuandika jina la muuzaji.

Mwenye kuwa na mashine yenye inawaka lakini haifunguke, aje nayo ku biro ya sindika Siku ya Posho, kisha posti ya asubui. Kuko vijana wawili wenye kujua ile kazi. Hawaombe feza. Wanaomba tu uwaache wacheze kidogo.