Vikorombwezo vya Gari Dogo: Kipi Kinunuliwe na Kipi Kiachwe

Ndugu wanachama, kila msimu wa karafuu unapokuwa mwema ofisi yetu hupokea maswali yasiyohusu kuchuma wala kuanika. Mwenye shamba akishapeleka magunia yake kwenye kituo cha ZSTC na kupokea fedha zake, hukumbuka nyumba, harusi, Hija na ada za shule. Na baada ya hayo yote hukumbuka gari dogo. Wala hatumlaumu. Ila mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Huja mwaka wa neema, kisha mti ukapumzika. Kwa hivyo gari linalonunuliwa kwa fedha za mwaka wa neema sharti lidumu mpaka neema nyengine, na ubaya wowote wa siku ya kununua hukaa na mwenye gari muda wote huo.

Maswali yaliyotufikia safari hii takriban yote yalikuwa juu ya jambo moja: vikorombwezo. Yaani vile vitu ambavyo gari hutembea bila ya kuwa navyo, lakini muuzaji huviongeza kwa bei yake mbali, au huviweka katika daraja ya juu ya gari lile lile. Mwanachama mmoja alituletea karatasi mbili za gari la aina moja, mwaka mmoja, rangi moja, na bei zikipishana kwa fedha nyingi. Alitaka kujua tofauti hiyo ananunua nini.

Yafaa tukumbushe kwamba jambo hili si jipya. Katika miaka ya 1950 motokaa ya Morris Minor iliuzwa bila ya mtambo wa joto, na Mwingereza aliyetaka kuota moto safarini alilipia mbali. Volkswagen ya kobe haikuwa na saa ya petroli mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1960. Dereva aliijua petroli kwa injini kukohoa, kisha akageuza kiko cha mguuni kufungua akiba. Hata mkanda wa kiti ulikuwa kikorombwezo. Kampuni ya Volvo ya Sweden ndiyo iliyoanza, mwaka 1959, kuweka mkanda wa pointi tatu katika viti vya mbele vya magari yake kuwa ni jambo la kawaida. Basi neno hili «kikorombwezo» halisemi kwamba kitu hakina haja. Linasema tu kwamba muuzaji bado hajalazimishwa kukitoa.

Kwa rai yetu, swali la kwanza la mnunuzi lisiwe «kizuri kipi?» bali liwe «kipi hakiwezi kutiwa baadaye?» Redio, kamera, zulia, keria na kadhalika huweza kutiwa wakati wowote na mafundi wetu wa hapa mjini. Lakini mabegi ya hewa, breki za ABS na urefu wa gari kutoka ardhini, hivyo huzaliwa na gari. Ukivikosa siku ya kununua umevikosa moja kwa moja.

Tuchukue mfano wa Suzuki S-Presso, gari dogo la injini ya cc 998 linaloundwa India, ambalo lilianza kuuzwa huko mwaka 2019. Kwa njia za shamba lina sifa njema, kwani tumbo lake liko milimita 180 juu ya ardhi. Mwaka 2020 shirika la Global NCAP, ambalo kazi yake ni kuyagongesha magari kwa makusudi ili kupima usalama wake, lililipima gari hilo la soko la India, likiwa na begi moja tu la hewa kwa dereva. Lilipata nyota sifuri kwa watu wazima. Mwaka 2022 likapimwa gari la jina hilo hilo, lililoundwa India vile vile lakini kwa ajili ya Afrika Kusini, likiwa na mabegi mawili na mikanda inayojikaza yenyewe wakati wa ajali. Hilo lilipata nyota tatu. Basi jina ni moja na sura ni moja, lakini mmoja wa wasafiri wake yuko salama zaidi kuliko mwenziwe. Mnunuzi wa gari jipya, kwa hivyo, asitosheke na jina. Aulize: mabegi mangapi, na ya nani? Mikanda ya nyuma ipo yote? Breki ni za ABS?

Breki hizo, kwa wasiozijua, huzuia magurudumu yasikwame dereva anapokanyaga kwa nguvu. Gurudumu lililokwama huteleza, na gari linaloteleza halisikii usukani. Mvua ya kwanza ya vuli inapochanganyika na vumbi na mafuta ya barabarani, kisha mtoto akakata njia mbele ya skuli, hapo ndipo kikorombwezo hiki hulipa bei yake. Huko Ulaya watengenezaji wote walikubaliana kuviweka breki hizi katika kila gari jipya tangu mwaka 2004. Sisi tunaulizwa kama tunazitaka.

Tuingie sasa katika magari ambayo wengi wetu ndiyo tunayonunua kwa kweli, nayo ni yaliyokwisha tumika Japani: Vitz, IST, Passo, Alto na mfano wa hayo. Humo huchagui kikorombwezo. Unachagua gari ambalo mtu mwengine alikwisha kulichagulia. Na Mjapani huchagua kwa ajili ya nchi yake.

Redio ni mfano mzuri. Mawimbi ya FM ya Japani huanza 76, na kwa miaka mingi yaliishia 90. Baadaye yakasogezwa mpaka 95. Yetu hufika 108. Kwa hivyo redio ya fahari iliyomo ndani ya gari haitakupa ila stesheni chache za chini, mpaka utie kijidude cha kugeuza mawimbi au uitoe kabisa. Kioo cha ramani kina ramani ya Japani na huzungumza Kijapani. Hata kingejua njia zetu, kisiwa hiki hakizidi kilomita 90 kutoka kusini mpaka kaskazini, na atakayepotea baina ya Kizimbani na Mahonda atapata wa kumuelekeza kabla ya kuzima injini. Na yule bibi anayesema maneno yale yale kila asubuhi unapowasha gari, ambaye wengine wetu wamemzoea kama jamaa wa nyumbani, anakukumbusha kwamba hukutia kadi ya kulipia barabara kuu za huko. Fundi aweza kumnyamazisha kwa kuchomoa waya mmoja. Usilipe hata senti kwa ajili ya vitu hivi.

Jihadharini pia na magari yaliyoandikwa kuwa ni ya nchi za baridi. Betri yake huwa kubwa, nalo ni jambo zuri, na viti hupata moto, jambo ambalo hapa ni dhihaka. Lakini magari hayo yalitembea katika theluji, na Japani humwaga chumvi barabarani ili barafu iyeyuke. Chumvi hiyo hula chuma cha chini ya gari, nalo linakuja kwetu kwenye chumvi nyengine ya baharini. Karatasi ya mnada inayokuja na gari huwa na picha ya mwili wake, na juu ya picha hiyo herufi. A ni mkwaruzo na U ni kubonyea. Mtu wa kisiwani asishughulike sana na hizo. Atafute S, yaani kutu, na C, yaani kutu iliyokwisha kula. Daraja ikiwa R au RA, gari hilo liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Na vikorombwezo vyenyewe vimeandikwa humo kwa mkato: AAC ni kiyoyozi kinachojirekebisha, PW ni madirisha ya umeme, AW ni rimu za aluminiamu, SR ni tundu la kioo juu ya paa.

Hilo la paa lina maneno mafupi: liacheni. Mifereji yake huziba kwa majani na vumbi, na masika ikifika mvua hunywea ndani.

Kuhusu mabegi ya hewa ya magari haya, liko jambo ambalo halisemwi sana nalo lingestahiki kusemwa kila msikiti. Kampuni ya Takata ya Japani iliunda mamilioni ya mabegi ambayo baruti yake huharibika kwa joto na unyevu ya miaka mingi. Begi la namna hiyo likifyatuka huweza kupasua kopo lake la chuma na kumrushia vipande yule aliyekusudiwa kuokolewa. Toyota, Honda, Nissan, Mazda na wengineo waliyaita magari yao warudishiwe ili wayabadilishe, jumla ya mabegi yapatayo milioni 100 ulimwenguni. Joto na unyevu, ndugu zetu, ndiyo hali ya hewa yetu ya mwaka mzima. Kabla ya kulipia gari la miaka ya 2000 mpaka katikati ya miaka ya 2010, chukueni nambari ya chesisi na muulize kama begi limebadilishwa. Kampuni zilizo nyingi huonyesha jambo hilo bure kwa nambari hiyo.

Na tukiwa hapo, tuseme juu ya vitambaa vya viti. Watu wakishanunua gari kitu cha kwanza ni kulivisha. Vitambaa vinavyobana huzika vifungo vya mikanda ya nyuma, mpaka hakuna anayejua kama vilikuwapo, na magari yenye begi ubavuni mwa kiti hulizuia lisitoke. Ikiwa lazima kuvisha, fundi akate nafasi. Tunajua gari la mtu wa shamba hupakia watoto wangapi siku ya sikukuu.

Sasa magurudumu. Rimu kubwa zenye matairi membamba hupendeza mbele ya Darajani, lakini njia zetu nyingi za mashamba ya magharibi ni udongo mwekundu wenye mizizi, na upande wa mashariki ni mawe ya matumbawe. Rimu ya chuma ikipinda fundi huigonga ikanyooka. Ya aluminiamu hupasuka. Tairi nene hula pigo ambalo jembamba hulipeleka kwenye rimu. Na muangalie kwenye buti kama tairi la akiba lipo, kwani magari mengi madogo ya siku hizi hayana. Badala yake huja na chupa ya dawa na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Haizibi tairi lililochanwa ubavuni na kisiki, na nayo ina tarehe ya kuharibika, ambayo aghlabu imeshapita gari likifika Malindi. Tairi la akiba na jeki nzima ni bora kuliko vioo vya rangi mara kumi.

Gari linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne ni mzigo kwa asiyelihitaji: zito zaidi, hula petroli zaidi, na lina vyuma zaidi vya kuharibika. Kwa mwenye shamba la bondeni ambaye gari hukwama kila masika, linafaa. Kwa mwenye shamba kando ya lami, haja yake ni urefu kutoka ardhini tu.

Keria ya juu tunaipenda sote, lakini someni kitabu cha gari. Paa za magari madogo mengi zimekadiriwa kuchukua baina ya kilo 30 na 75. Gunia moja la karafuu kavu huikaribia au huipita hesabu hiyo, na gari lenye uzito juu hulala kwenye kona. Viti vya nyuma vinavyokunjwa ni bora zaidi kwa magunia. Harufu itabaki, hatujasikia mkulima wa karafuu aliyeilalamikia.

Wenye nyumba Mji Mkongwe wana hesabu yao. Vichochoro vile vilijengwa kwa mtu na punda, na baraza za nyumba hutoka nje kama magoti. Vioo vya pembeni vinavyojikunja na kamera ya nyuma si anasa huko, khasa kamera, maana watoto hucheza nyuma ya gari wala dereva hawaoni. Kamera hutiwa hapa hapa mjini kwa bei ndogo kuliko ya kiwandani. Mtambo wa kushika mwendo mmoja wenyewe, huo waachiwe wenye barabara ndefu. Kwetu, mpaka uubonye umeshafika kwenye tuta jengine; na matuta ya Jozani, ambayo yaliwekwa kwa ajili ya kuwaokoa kima punju, hayana ubishi.

Kupaka dawa ya kutu chini ya gari jipya ni fedha iliyotumiwa vyema. Kwa gari la zamani, kutu sharti ikwanguliwe kwanza, kwani dawa ikipakwa juu ya kutu huifungia ndani iendelee kula kwa siri. Na maji matamu ya mpira chini ya gari kila baada ya kupita pwani hayana bei.

La mwisho ni kodi. Ushuru huhesabiwa juu ya thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima. Kwa hivyo pambo lililotiwa kiwandani hulipiwa mara mbili: kwa muuzaji na kwa forodha. Tuseme, kwa mfano tu, kodi zote pamoja ni 40 kwa mia. Rimu na redio za shilingi 1,000,000 zitakutoka kwa 1,400,000. Mabegi na breki za ABS zilipieni hivyo hivyo, hakuna njia. Mengine ngojeeni mpaka gari litoke bandarini.

Wanachama wenye karatasi za mnada zilizoandikwa Kijapani wazilete ofisini kabla ya kupeleka fedha. Herufi tunazisoma sisi wenyewe, na maneno yaliyobaki tutamtafuta wa kutusomea.