Gari la wagonjwa likikosa mafuta, wananchi wa Chala wadai wapi?

Huduma ya kusafirisha wagonjwa vijijini ni nadra kufutwa kwa tangazo. Gari lipo, dereva yupo, ila mafuta hakuna. Mwezi unapita, tairi zinaisha, mwisho gari linabaki limepaki nyuma ya kituo.

Kwa mkazi wa Chala, wilayani Nkasi, mgonjwa akizidiwa hupelekwa Namanyere, makao makuu ya wilaya, au Sumbawanga iliko hospitali ya rufaa ya mkoa. Barabara kuu ni ya lami. Shida ni kwa wanaotoka vijiji vya pembeni, hasa msimu wa mvua, ambapo bodaboda nayo inakwama.

Nani analipia?

Mafuta, matengenezo na posho ya dereva hutoka kwenye mpango wa afya wa halmashauri na makusanyo ya kituo chenyewe. Tangu mwaka wa fedha 2017/18, sehemu ya fedha za afya huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati au kituo. Maana yake kamati ya usimamizi ya kituo, ambayo ina wajumbe wa wananchi, ina sauti kwenye matumizi.

Namba 115 je?

Kwa wajawazito, waliojifungua ndani ya siku 42 na watoto wachanga hadi siku 28, kuna mfumo wa m-mama. Ulijaribiwa Sengerema na Shinyanga, kisha Rais Samia Suluhu Hassan akauzindua kitaifa Aprili 2022. Ukipiga 115 bure, mhudumu hutafuta ambulensi. Isipokuwepo karibu, huitwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, na nauli yake hulipwa kwa simu mgonjwa akishafikishwa.

USAID ya Marekani ilikuwa miongoni mwa wadau wa kuusambaza mfumo huo. Shirika hilo lilifungwa rasmi Julai 1, 2025. Wafadhili wakipungua, mzigo unarudi kwenye bajeti za ndani.

Na kuna mengi ya kupoteza. Vifo vya uzazi nchini vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 (utafiti wa 2015/16) hadi 104 (2022). Usafiri ni sehemu ya kazi hiyo. Mtoto mwenye malaria kali au majeruhi wa ajali, ambao m-mama haiwahusu, wao wanategemea gari la kituo tu.

Wapi pa kudai?

Mwaka wa fedha huanza Julai 1. Ukilalamika Julai, umechelewa. Vipaumbele hukusanywa vijijini miezi kadhaa kabla, na baraza la madiwani hupitisha bajeti kabla haijafika bungeni.

Hatua ni hizi:

- Mkutano mkuu wa kijiji. Hufanyika kila baada ya miezi mitatu. Hakikisheni hoja inaandikwa kwenye muhtasari. Isipoandikwa, haipandi.
- Kamati ya maendeleo ya kata. Mwenyekiti ni diwani. Muulizeni wazi: mafuta ya gari la wagonjwa yametengewa kiasi gani?
- Baraza la madiwani. Vikao vyake viko wazi, wananchi wanaruhusiwa kusikiliza.

Nendeni na hesabu

Malalamiko ya jumla hujibiwa kwa ahadi ya jumla. Iombeni kamati ya kituo hesabu, bila majina ya wagonjwa: rufaa ngapi kwa miezi sita, gari lilikwenda mara ngapi, mara ngapi ndugu walijitafutia usafiri, kwa shilingi ngapi.

Jambo la mwisho: msiishie kuomba gari jipya. Gari hukabidhiwa siku moja mbele ya kamera. Mafuta yanahitajika kila wiki, na hayo hayana sherehe. Fungu la mafuta na matengenezo ndilo la kulilinda.

Na kama leo kuna mjamzito mwenye hali ya dharura, usisubiri kikao. Piga 115.