Kumtayarisha Mtoto Mwenye Usonji Kwenda Kutazama Mchezo wa Kuigiza

Leo hatuna habari ya malaria wala ya kuhara. Tutazungumza juu ya mtoto mwenye usonji, na jinsi ya kumtayarisha ili naye akatazame mchezo wa kuigiza bila kuteseka.

Huenda unajiuliza, hiyo nayo ni afya? Ndiyo. Hapa kwetu Musanda, kama kwingineko, kuna watoto ambao hawatoki nje ya boma. Kukiwa na harusi, wanaachwa. Kukiwa na sherehe shuleni, wanafungiwa nyumbani na dada mmoja anabaki kuwachunga. Wazazi hawafanyi hivyo kwa kukosa upendo. Wamemwona mtoto akipiga mayowe mbele ya watu, wakasikia minong'ono, wakaapa haitarudiwa. Lakini mtoto asiyetoka hapati nafasi ya kuzoea watu, na yule dada naye anakosa raha ya wenzake. Mama mwenyewe huchoka mwili na moyo.

Tuelewane kwanza usonji ni nini. Wahudumu wengi wa afya huuita otizimu. Ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo na huishi nayo. Si laana, si uchawi, hauletwi na chanjo, wala si kosa la mama aliyekula hiki au kile akiwa mjamzito. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka wa 2021 karibu mtu 1 kati ya kila 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hiyo usidhani uko peke yako katika kata hii.

Jambo ambalo majirani wengi hawalijui ni hili: ubongo wa mtoto huyu mara nyingi hupokea sauti, mwanga, harufu na mguso kwa nguvu kuliko wako, au kwa udogo kuliko wako. Tangu 2013, mwongozo wa madaktari wa akili wa Marekani, ambao hutumiwa katika nchi nyingi, umelihesabu hili miongoni mwa dalili za usonji. Makofi ambayo kwako ni furaha, kwake yanaweza kuwa kama kusimama kando ya mashine ya kusaga mahindi huku mtu akikupigia sufuria sikioni. Mtoto akiziba masikio, akijitupa chini au akikimbia, huo si utundu. Anajiokoa.

Wako pia walio kinyume. Hao wakisikia isukuti inalia huenda mbio hadi kwenye ngoma na kutaka kuweka mkono juu ya ngozi wausikie mtikisiko. Huyo hutamtayarisha kwa kumkinga na kelele. Utamtafutia mtu wa kumshika mkono. Basi anza kwa kumjua wako.

Sasa, mchezo wa kuigiza tutauona wapi? Katika miji mikubwa ya ng'ambo, kumbi zimeanza kuweka siku maalumu. Tarehe 2 Oktoba 2011 huko New York, mchezo wa The Lion King, ule wenye Simba na Rafiki, ulichezwa kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao. Sauti kali zilipunguzwa, taa za kumetameta zikaondolewa, pakatengwa mahali pa kutulia, na watoto waliruhusiwa kusimama, kusema na kutoka. Hapa kwetu usingoje tangazo la namna hiyo. Lakini tuna michezo tele. Kila mwaka katika muhula wa kwanza shule zetu hufanya mashindano ya maigizo, kuanzia ngazi ya chini hadi kaunti, eneo na taifa. Na Butere Girls iliyo jirani yetu inajulikana nchi nzima kwa maigizo.

Mimi sikushauri uanze na siku ya mashindano. Siku hiyo ni ndefu. Tamthilia inafuatwa na ngoma, ngoma na shairi, wanafunzi wamejaa hadi madirishani, na waamuzi wanataka kimya. Anza na mazoezi. Shule inapokaribia kwenda kushindana, wanafunzi hufanya mazoezi ya mwisho wakiwa na mavazi na ngoma zao, na ukumbi hauna watu wengi. Nenda mapema kwa mwalimu anayesimamia maigizo, umwambie wazi: "Mwalimu, mwanangu ana usonji. Naomba tukae nyuma tutazame mazoezi kwa nusu saa. Akisumbuka nitamtoa." Muulize pia kama kuna mlio wa bunduki, kipenga, mayowe ya msiba au mtu anayeruka kutoka kati ya watazamaji, na ni katika sehemu gani. Ukijua mlio unakuja, utamwonyesha mtoto ishara kabla haujalia. Kinachomvunja zaidi ni kushtukizwa.

Juma moja kabla ya safari, mtengenezee kijitabu. Njia hii ilianzishwa na mwalimu mmoja Mmarekani, Carol Gray, nayo haihitaji pesa. Chukua karatasi za daftari, chora au bandika picha, moja kwa kila ukurasa, na sentensi fupi. Ukiwa na simu ya kamera, piga picha za lango la shule, mlango wa ukumbi, viti na choo. Andika kwa sauti ya mtoto: "Jumamosi nitaenda shuleni na mama. Tutapanda bodaboda. Ukumbini kuna watu wengi. Watu wataigiza. Mtu akilia jukwaani, analia kwa kuigiza, hajaumia. Watu watapiga makofi. Makofi yataisha. Nikichoka, nitampa mama kadi nyekundu, nasi tutatoka nje. Kisha tutarudi nyumbani." Msomee kila jioni kwa lugha anayoielewa, iwe Kiwanga, Kiswahili au nyingine. Usiandike "nitakaa kimya" wala "sitalia". Kijitabu ni cha kumweleza yatakayotokea. Ukikigeuza kuwa orodha ya amri atakichukia, na asipoweza kuzitii atajiona mbaya.

Hiyo kadi nyekundu ni ya maana sana, hasa kwa mtoto asiyesema. Kipande cha katoni kinatosha. Lakini ifanyie majaribio nyumbani kwanza: akikupa kadi, papo hapo mtoe chumbani. Siku atakayokupa kadi ukumbini ukamwambia "ngoja kidogo, inakaribia kuisha," hatakuamini tena.

Fanyeni pia mazoezi ya kelele. Rekodi ngoma kwa simu, mchezee kwa sauti ya chini anapofanya kitu anachokipenda, uongeze kidogo kidogo siku zinavyosonga. Akiziba masikio, punguza, usimlazimishe. Ikiwa ukumbi utatiwa giza, zima taa nyumbani kwa muda mfupi mkiwa pamoja. Kama unaweza kumpeleka akauone ukumbi ukiwa mtupu, hilo ni bora kuliko yote niliyotaja.

Siku yenyewe, mvishe nguo aliyoizoea, hata kama si ile mpya ya Krismasi. Shati jipya lenye kola ngumu linaweza kummaliza kabla hamjafika. Mpe chakula kabla ya kuondoka na ubebe anachokubali kula. Beba pia kitu anachopenda kushika na kofia ya kukinga mwanga. Vile vifuniko vya masikio wanavyovaa mafundi wa mashine humfaa, mradi vimtoshe kichwani. Kaeni karibu na mlango, kwenye kiti cha mwisho cha mstari, mbali na spika. Kabla ya kuketi, mwonyeshe choo na mahali pa kutulia nje.

Sasa sikiliza vizuri, kwa maana hapa pana hatari. Mtoto mwenye usonji akielemewa anaweza kutoroka ghafla, na huku kwetu nje ya shule kuna barabara na miwa mirefu. Mtoto akiingia kwenye miwa, huwezi kumwona ukiwa hatua chache tu kutoka kwake. Kwa hiyo nendeni watu wazima wawili. Mmoja kazi yake ni mtoto tu; asiangalie mchezo, asipokee simu. Mwandikie mtoto namba yako ya simu kwa kalamu upande wa ndani wa mkono. Akipotea, tafuteni kwanza kwenye maji: mto, kisima, bwawa.

Jambo la pili, usimpe dawa ya mafua wala dawa nyingine ya kumlaza ili atulie. Ni hatari, na tena atalala mchezo wote. Lakini kama ana kifafa, na watoto wengi wenye usonji huwa nacho, hakikisha amekunywa dawa yake kwa wakati wake. Taa zinazometameta huweza kuwaletea baadhi yao mshtuko, kwa hiyo uliza kama zitatumika, na zikiwepo msiingie. Akipata mshtuko, mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu naye, usimtie kijiko wala chochote mdomoni. Ukizidi dakika 5, mkimbize hospitalini.

Watu watatazama. Mwingine atasema umemharibu kwa kumdekeza. Jibu fupi latosha: "Ana usonji, kelele zinamwumiza. Tupishe tutoke." Usimchape ili kuwaridhisha. Ukimtoa nje, usimsemeshe sana. Kaa naye kivulini, punguza maneno, umpe maji. Akitulia na kutaka kurudi, rudini. Asipotaka, nendeni nyumbani. Dakika 10 alizokaa ni dakika 10, na safari ijayo huenda zikawa 15.

Siku inayofuata usimpangie mengi. Wengi huonekana wazima ukumbini, halafu wanalia kesho yake bila sababu unayoiona. Mwache apumzike, na ukifungua kile kijitabu mkumbushe kilichompendeza.

Na kama mwanao ana dalili hizi lakini hajapimwa, mwone mhudumu wa afya katika zahanati yako akuelekeze kwa daktari. Uliza pia katika ofisi ya elimu ya kaunti ndogo kuhusu kituo cha tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu, kile kinachoitwa EARC. Nenda na kadi yake ya kliniki, na umweleze mpimaji kile anachofanya kelele zikizidi, kwa maana siku hiyo chumba kinaweza kuwa kimya, naye asikionyeshe.