Bampa Kuukuu na Kutu Yake

Mtu akitazama bampa la motokaa ya zamani, hudhani kwamba ni chuma king'aacho chenyewe. Sivyo. Ni chuma cha kawaida kilichochovywa kwa umeme: hutangulia nikeli (pengine shaba kabla yake), kisha kromu juu. Hiyo kromu tunayoiona mara nyingi haifiki unene wa sehemu moja ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu ni mnene kuliko hiyo mara hamsini au zaidi.

Ngozi nyembamba namna hiyo haikosi vitundu na nyufa zisizoonekana kwa macho. Maji hupenya humo, na huku pwani hupenya pamoja na chumvi ya bahari, hata yakakifikia chuma. Basi yale madoa ya kahawia yaliyo juu yametoka chini. Ndiyo sababu msasa haufai kabisa: unakwangua kromu na nikeli iliyobaki, na chuma kinazidi kuwa wazi.

Fanya hivi. Osha bampa kwa maji na sabuni. Chukua kipande cha karatasi ya alumini, ile ya kufungia vyakula, kichovye majini, ukisugue polepole juu ya kutu. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo kutu huondoka bila ya kromu kukwaruzwa. Futa tope litokalo, kausha vizuri sana, kisha paka nta ya motokaa. Nta ndiyo inayozuia maji yasirudi vitunduni. Nayo huisha, hivyo yapasa irudiwe kila baada ya miezi michache.

Wengi husahau upande wa nyuma, nao ndio ukusanyao matope! Lifungue bampa, sugua nyuma kwa brashi ya waya, upake rangi ya kuzuia kutu.

Ikiwa kromu imevimba na kubanduka, nta haitairudisha. Hiyo ni kazi ya fundi wa kuchovya. Mwanafunzi apendaye sayansi atauliza: kwa nini tusichovye wenyewe kwa betri na beseni? Asidi ya kromu, inayotumika sana katika kazi hiyo, huunguza ngozi, na mvuke wake ukivutwa kwa muda mrefu waweza kuleta saratani ya mapafu. Wala mabaki yake hayafai kumwagwa mferejini au karibu na kisima.