Gari Limelala, Kifaa Kinasema Limetembea

Siku hizi magari na pikipiki za kazi hufungwa kifaa cha GPS. Asubuhi komite inafungua ripoti na kuona kwamba gari lililolala Songo, hapa Uvira, limetembea karibu kilometa 6 usiku. Dereva anaitwa ajieleze. Kabla ya kumhukumu, tuelewe kifaa hicho kinavyofanya kazi.

GPS haioni gari. Kifaa kinapokea ishara za redio kutoka setilaiti nne au zaidi, zilizo karibu kilometa 20,200 juu yetu. Kinapima muda ambao kila ishara imetumia njiani, kisha kinakadiria mahali kilipo. Lakini hewa ya juu huchelewesha ishara, kuta na mabati huirudisha kama mwangwi, na kwetu milima ya Mitumba hufunika sehemu ya anga la magharibi. Hata mahali peupe, simu ya kawaida hukosea kwa mita kama 5.

Kosa hilo halitulii, maana setilaiti zenyewe zinasogea. Gari likisimama, alama zake kwenye ramani huzunguka-zunguka. Tupige hesabu: kifaa kikiandika kila sekunde 10, na kila alama ikiwa mita 2 kutoka ile iliyotangulia, kwa saa moja tunapata alama 360, yaani mita 720. Kwa saa 8 ni mita 5,760. Gurudumu halikuzunguka hata mara moja.

Ndiyo sababu vifaa vingi hupangwa vipunguze kuandika injini ikizimwa. Vingine hulala kabisa mpaka gari litikisike. Basi pengo katika ripoti, peke yake, si ushahidi kwamba dereva alikizima kifaa.

Tufanye nini? Tuangalie ramani, si jumla ya kilometa tu. Alama zilizorundikana mahali pamoja, kama uzi uliovurugika, ni za gari lililosimama. Gari lililotembea huacha mstari unaofuata barabara. Kisha tulinganishe na kilometa zilizo mbele ya usukani, tupime mafuta, tumuulize mlinzi.

Kumbukumbu la Torati 19:15 hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa neno la shahidi mmoja. Kifaa nacho ni shahidi mmoja, tena anayekosea. Baba wa watoto asipoteze kazi na jina lake kwa sababu ya safari ambayo haikufanyika.