Mkanda Unaopanda Mlima

Kwenye msumeno wa mkanda, ule ambao mafundi wengi huuita bendisoo, kuna jambo linalotazamwa kila siku na hakuna anayelishangaa. Utepe wa chuma wenye unene wa nusu milimita hivi unazunguka juu ya magurudumu mawili kwa kasi ya karibu kilomita 55 kwa saa. Magurudumu hayo hayana mfereji, hayana ukingo, wala hayana pini ya kuushika. Fundi anausukumia mbao ngumu, anaupindisha kidogo kwenye kona, anaulemea anapochoka, na bado utepe haujachomoka. Nani anaushika?

Fungua mlango wa juu, umeme ukiwa umezimwa, kisha laza rula ndogo kukatisha upana wa gurudumu. Mpira uliovikwa gurudumu hauko tambarare. Katikati umeinuka kidogo sana, na chini ya rula utaona mwanga upande wa kushoto na wa kulia. Gurudumu lina mgongo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angesema kwamba mkanda ukiwekwa juu ya mgongo utateleza na kuanguka upande mmoja. Kinachotokea ni kinyume kabisa: mkanda unapanda.

Chukulia mkanda umekaa kushoto kwa mgongo. Hapo gurudumu lina mteremko, na chuma kilichokazwa hakikubali kusimama kwa ncha moja. Kinajilaza juu ya mteremko mpaka upana wake wote uguse. Kikishajilaza hivyo, ile sehemu ya mkanda iliyo bado hewani, inayokuja kulikuta gurudumu, nayo inapindishwa ielekee juu. Kwa hiyo kila inchi mpya inatua karibu zaidi na kilele kuliko iliyoitangulia. Mizunguko michache tu, mkanda umefika katikati, mahali ambapo mteremko wa kushoto na wa kulia unauvuta kwa nguvu sawa, na hapo unatulia. Mbao ikiusukuma ukatoka kidogo, unarudi wenyewe.

Wazee waliosimamia mashine za kusaga nafaka wanalijua jambo hili. Zile injini za dizeli zilizovuta kinu kwa mkanda mpana usio na meno, puli zake zilikuwa na mgongo uleule, na kijana akikuta mkanda unahama alitumwa kwenda kunyoosha injini, si kuupiga mkanda kwa fimbo.

Nalirefusha hili kwa sababu lawama nyingi ninazozisikia karakanani, kwamba mashine inapindisha mkato, inakatakata mikanda, haifai kwa mbao ngumu, zinatoka kwa watu wanaoitendea kama msumeno wa duara. Sahani ya msumeno wa duara inajisimamia yenyewe kwa ugumu wake. Mkanda hauna ugumu wa kutosha hata kusimama wima. Unyoofu wake wote umetokana na kukazwa, na mahali pake pametokana na mgongo wa gurudumu. Ukivuruga kimoja kati ya hivyo, hata mkanda wa bei ghali utakata kama umelewa.

Wazo la msumeno wa mkanda ni la zamani. Mwingereza William Newberry wa London alilipatia hataza mwanzoni mwa karne ya 19, kisha likalala kwa karibu miaka 40, kwa kuwa mikanda ilikatika kila mara, hasa kwenye kiungo. Ukipiga hesabu utamwonea huruma. Mashine ya kawaida yenye magurudumu ya inchi 14 hutumia mkanda wa mita 2.4 hivi. Kwa kasi niliyotaja, mkanda huo unazunguka zaidi ya mara 6 kwa sekunde, na katika kila mzunguko unakunjwa juu, unanyooshwa, unakunjwa chini, unanyooshwa tena. Kwa saa moja ni mikunjo zaidi ya 45,000. Chuma huchoka. Aliyefungua njia ni mwanamke wa Kifaransa, Anne Paulin Crépin, aliyepata hataza ya namna ya kuunganisha ncha za mkanda mwaka 1846. Kampuni ya Perin ya Paris ikaununua ujuzi huo, ikauongezea chuma bora na namna nzuri ya kukichoma, na mashine ikaanza kuaminika. Fundi anayechonga ncha mbili za mkanda uliokatika kwa mshazari, akazilaza moja juu ya nyingine na kuzilehemu kwa shaba au fedha, anahangaika na tatizo lilelile la Crépin, na akiacha kiungo kimevimba, mkanda utagonga miongozo kila unapopita hadi ukatike pembeni ya alipolehemu.

Uchovu huo wa chuma ndio unaoeleza pia kwa nini mashine nyingi zinazochomelewa mitaani zinakula mikanda. Magurudumu yake ni madogo, na gurudumu likiwa dogo mkunjo unakuwa mkali. Kanuni ya wazee wa kazi ni kwamba unene wa mkanda usizidi sana sehemu moja ya elfu ya kipenyo cha gurudumu. Anayechukua mkanda mnene wa mashine kubwa na kuulazimisha kwenye magurudumu ya inchi 10 asije akamlaumu muuza duka.

Sasa, kuiseti mashine. Watu wengi huanza na miongozo, yaani vile vipande au beringi zinazoubana mkanda juu na chini ya meza, kwa sababu ndiyo inayoonekana. Inapaswa kuwa ya mwisho. Kwanza isogeze yote mbali, isiguse kitu. Vaa glavu, toa mkanda mahali ulipokunjwa (mikanda huuzwa na kutunzwa imekunjwa duara tatu zilizolaliana), ushike mbali na uso, uachie polepole. Una nguvu ya springi na unafunguka kwa kishindo. Uvishe juu ya magurudumu, meno yakikutazama wewe na yakielekea chini kwenye meza. Kaza. Zungusha gurudumu la juu kwa mkono, huku ukigeuza skrubu ya nyuma inayoliinamisha gurudumu hilo mbele au nyuma, mpaka mkanda ukae katikati na usihame tena. Kwa mkono, narudia, si kwa mota. Kuna vijana wanaowasha swichi ili waone mkanda utaelekea wapi.

Kipimo cha kukaza kilichochorwa kwenye mashine usikiamini sana, maana springi yake nayo huzeeka. Pandisha mwongozo wa juu sentimita 15 kutoka mezani, sukuma ubavu wa mkanda kwa kidole kwa nguvu ya kawaida. Ukisogea nusu sentimita hivi, unafaa. Ukilegea zaidi, kwenye mbao nene utatengeneza tumbo, na kila ubao utatoka na uso uliobonyea.

Ndipo miongozo ifuate. Ya pembeni iwe nyuma ya mabonde ya meno, kamwe isiwe sawa na meno yenyewe. Meno yamepinda, moja kushoto moja kulia, ili njia iwe pana kuliko mgongo wa mkanda. Yakigusa chuma cha mwongozo, mpindo huo umekwisha kwa sekunde moja na mkanda umekufa. Nafasi ya kila upande ni unene wa karatasi ya daftari, na njia nzuri ya kuipima ni karatasi yenyewe: ipitishe kati, kaza, ivute itoke. Beringi ya nyuma isiguse mkanda ukiwa hauna kazi. Ianze kuzunguka pale tu mbao inapousukuma mkanda nyuma. Mashine ikiwa haina mbao na beringi hiyo inalia muda wote, kuna mtu alilala kazini. Mwisho weka gonia mezani, hakikisha mkanda na meza vimesimama digrii 90.

Upana wa mkanda ufuate kazi. Wa milimita 6 utageuka kwenye kona yenye nusu kipenyo cha sentimita 2 bila kulalamika. Wa milimita 13 unataka sentimita 6 na ushee. Kupasua mbao nene kunataka mkanda mpana wenye meno machache, 3 kwa inchi, kwa sababu mabonde makubwa ndiyo yanayobeba unga wa mbao na kuutoa nje. Meno madogo mengi kwenye mninga wa inchi 6 yanajaa, yanapata moto, na harufu ya kuungua ndiyo taarifa yako.

Hapo kwenye kupasua ndipo ninapokasirika. Chukua pande la mninga lenye unene wa milimita 150, ulipasue kuwa mbao za milimita 20. Msumeno wa mnyororo, chenso, ambao ndio unaopasua magogo mengi porini kwetu, unakula milimita 9 hivi kila unapopita: unapata mbao 5. Msumeno wa duara unaokula milimita 5, kama wa zile mashine ziitwazo dingdong zinazopasua paina huko Mufindi, Tanzania, unakupa 6. Mkanda unaokula milimita moja na nusu unakupa 7. Pande ni lilelile. Mninga huchukua miongo mingi kukomaa, na mpingo huchukua miaka 70 au zaidi kabla haujafaa kuvunwa. Tunalipia kibali kwa ujazo wa gogo, tunakaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani, lakini sijasikia mtu akiulizwa atapasua kwa msumeno gani. Theluthi ya mti inaweza kugeuka unga bila karatasi hata moja kukosewa. Wakati huohuo, katika chuo kimoja cha ufundi nilichotembelea, msumeno mzuri wa mkanda umesimama kwenye kona na vijana wanautundikia makoti. Wanafunzi wanafundishwa msumeno wa duara kwa sababu mkanda ulikatika zamani na fungu la kununua mwingine halikuja.

Kuhusu usalama, mashine hii ina sifa moja njema inayowaponza watu. Meno yanashuka, kwa hiyo yanaikandamiza mbao mezani badala ya kukurushia kifuani kama msumeno wa duara unavyoweza kufanya. Haipigi kelele nyingi. Watu wanaizoea, na vidole vinasogea. Lakini ni mashine hiyohiyo ambayo buchani inapita kwenye mfupa wa paja la ng'ombe bila kubadilisha sauti. Shusha mwongozo wa juu hadi karibu sentimita moja juu ya mbao, ili meno yaliyo wazi yawe machache na mkanda usiyumbe. Kidole kisiwe kwenye mstari wa mkanda. Sentimita za mwisho sukuma kwa kijiti. Glavu ulizovaa kufungulia mkanda zivue, pamoja na saa, na ukunje mikono mirefu ya shati.

Kitu cha duara ndicho kibaya kuliko vyote. Gogo dogo au mguu wa kiti uliokerezwa, ukiulaza mezani na kuusukuma kwa mikono mitupu, meno yanaushika na kuuzungusha ghafla, mkanda unapinda, na mkono ulioushika unaenda nao. Ufunge kwenye ubao wenye mfereji wa umbo la V, au uupigie ubao bapa ubavuni. Ukikata kona ndefu ukakwama, zima, subiri isimame, ndipo urudi nyuma. Ukirudi ikiwa inazunguka utauvuta mkanda kutoka kwenye magurudumu. Na kusubiri isimame ni kusubiri kweli, maana magurudumu ni mazito na yanaendelea kuzunguka kimya muda mrefu baada ya swichi. Mkanda ukikatika utasikia mlio kama risasi: bonyeza swichi, rudi nyuma, usifungue mlango mpaka kila kitu kimetulia. Vumbi nalo si la kudharau. Tangu 1995 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeliweka vumbi la mbao katika kundi la vitu vinavyojulikana kusababisha saratani kwa binadamu, na vumbi la mvule huwasha pua na ngozi za watu wengi hata kabla ya kufikia saratani. Barakoa si mapambo.

Wengine hulalamika kwamba mkato hauendi sambamba na ubao wa kuongozea. Chora mstari kwenye kipande kilichonyooka, kikate bila kuongozwa na chochote mpaka katikati, simamisha mashine, tazama mbao imekaa kwa pembe gani. Weka ubao wako wa kuongozea kwa pembe hiyo. Kama pembe ni kubwa, upande mmoja wa meno umekuwa butu au mpindo wake umepungua, na dawa ni kunoa. Kazi ikiisha jioni, legeza mkanda, mpira wa magurudumu usibonyee.

Matumizi yake mengine ni mengi: miguu ya viti iliyopinda, vipande vyembamba vya mgongo wa ala ya udi, mataruma ya jahazi kwa wasiotaka kuyachonga yote kwa tezo, magodoro ya sponji, vitambaa vilivyopangwa tabaka kwa tabaka kwenye viwanda vya nguo, samaki wakubwa walioganda, na chuma, ambacho hukatwa kwa mkanda wa mwendo wa kutambaa huku ukimwagiwa maji yenye mafuta.