Acheni Kizazi Kipone

Swali ni lilelile, kinachobadilika ni namba ya simu tu: "Daktari, mimba yangu imetoka wiki iliyopita, nitumie dawa gani kusafisha kizazi?" Mara chache sana mtu huuliza kama damu anayotoka ni ya kawaida, afanye nini homa ikipanda, au lini anaweza kushika mimba nyingine, maswali ambayo yangekuwa na maana. Aliyeharibikiwa na mimba aliyoisubiri kwa hamu, aliyetoa mimba kwa vidonge kwa siri, na aliyetolewa mimba hospitali kwa sababu uhai wake ulikuwa hatarini, wote huanza na usafi. Kizazi hakiwatofautishi, kwa hiyo jibu lao ni moja, nami nalitoa mapema ili mwenye haraka aokoe fedha zake: hakuna dawa ya kusafisha kizazi, na kuitafuta ndiko kunakowapeleka baadhi ya wanawake kwenye utasa waliokuwa wakiuogopa.

Imani yenyewe inajulikana. Inadaiwa kwamba mimba ikitoka huacha "uchafu", damu mbaya inayoganda, kuoza na kuziba njia, na kwamba mwanamke asipoutoa hatazaa tena. Lakini baada ya mimba kutoka, mfuko wa uzazi hujikaza wenyewe, hubana mishipa ya damu na kusukuma nje kilichobaki. Utando wa ndani hung'oka, na mpya huota kutoka tabaka la chini yake, kazi ileile inayofanyika kila mwezi bila msaada wa muuza dawa yeyote. Damu inaweza kutoka hadi wiki 2, pengine matone yakaendelea hata baada ya hapo, na hedhi kwa kawaida hurudi kati ya wiki ya 4 na ya 8. Mabonge madogo ya damu siku za mwanzo ni ya kawaida. Rangi ya kahawia, ambayo wengi huitaja kama ushahidi wa uchafu, ni damu iliyochelewa kutoka tu.

Sasa tuzitazame hizo dawa, maana zinauzwa mitandaoni na sokoni kwa ujasiri wa ajabu. Za kunywa kwanza: majivu, mwarobaini, chai ya rangi iliyokolezwa mpaka inakuwa chungu. Kinachomezwa huenda tumboni, kisha kwenye ini na figo. Hakuna mfereji unaokipeleka kizazini kwenda kuosha. Mitishamba yenye nguvu ya kweli ya kukaza kizazi haina kipimo, na mwanamke ambaye tayari anatoka damu hana sababu ya kubahatisha kipimo. Kisha kuna kujifukiza. Mvuke wa sufuria haupandi kupitia mlango wa kizazi. Unachoweza kufanya ni kuunguza ngozi ya sehemu za siri, na mwaka 2019 madaktari nchini Canada waliripoti katika jarida la kitaalamu mgonjwa aliyeungua hivyohivyo. Baya kuliko yote ni vile vifurushi vya mitishamba vilivyofungwa kwa kitambaa, vya kuwekwa ukeni kwa siku mbili tatu. Hapo ndipo ninapoletewa hoja inayoonekana haina majibu: "Mbona nilipovitoa, uchafu ulitoka nikauona kwa macho yangu?" Ulichokiona ni ute na ngozi laini ya uke iliyochubuliwa na dawa yenyewe. Mwanamke ambaye hajawahi kushika mimba angeweza kutoa kitu kama hicho akivitumia. Dawa imetengeneza uchafu, kisha ikajisifu kwa kuutoa, na picha zake zinasambazwa kwenye magrupu ya WhatsApp kama ushuhuda.

Madhara yake hayaishii kwenye kuchubuka. Uke wenye afya una tindikali, kiwango cha pH kati ya 3.8 na 4.5, inayotunzwa na bakteria rafiki wanaozuia vijidudu vya ugonjwa visistawi. Sabuni, limao, maji ya dawa na vifurushi hivyo huvuruga ulinzi huo. Siku za mwanzo baada ya mimba kutoka, mlango wa kizazi unaweza kuwa bado haujafunga vizuri na ndani kuna utando mpya unaoota. Kuingiza vitu ukeni wakati huo ni kama kuchokonoa kidonda kinachoanza kufunga kwa kucha zenye udongo. Vijidudu vikipanda hadi kwenye mirija ya uzazi huacha makovu, na mirija yenye makovu huziba au humfanya mwanamke ashike mimba nje ya kizazi. Utasa baada ya mimba kutoka, unapotokea, mara nyingi huja kwa njia hii ya maambukizi. Mimba iliyotolewa kwa njia salama na bila maambukizi haimfanyi mwanamke kuwa tasa. Na wanaonunua antibiotiki nusu dozi dukani "kusafisha" hawajikingi na lolote; wanavifundisha vijidudu usugu.

Mjuzi atasema: mbona hospitali wenyewe wanasafisha? Hospitali hutibu mimba iliyotoka nusu, yaani pale mabaki yake yanapoendelea kumtoa mwanamke damu nyingi au kumletea maambukizi. Hapo hupewa vidonge vya kukaza kizazi, au mabaki hufyonzwa kwa bomba laini la plastiki. Huo ni uamuzi unaotokana na dalili, na mwanamke ambaye kila kitu kimetoka hauhitaji. Hata sisi wa tiba hatukuwa wasafi katika jambo hili. Kwa miaka mingi tulikwangua vizazi kwa chuma bila ulazima, ilhali tangu 1894 Heinrich Fritsch alikuwa ameeleza jinsi hedhi inavyoweza kukatika baada ya kukwanguliwa, na mwaka 1948 Joseph Asherman akaueleza kwa kina ugonjwa unaoitwa kwa jina lake hadi leo, ambao kuta za kizazi hushikana kwa makovu. Shirika la Afya Duniani sasa linataka kukwangua kwa chuma kuachwe kabisa. Kwa hiyo picha ya utrasaundi inayoonyesha utando mnene au damu kidogo kwa mwanamke asiye na homa, maumivu wala damu nyingi siyo hati ya kumpeleka chumba cha upasuaji. Anayetibiwa ni mwanamke, picha inasaidia tu.

Kuna pia hoja ya wazee wetu, na hii naiheshimu zaidi. Kukandwa kwa maji ya moto, uji mzito, supu, kupumzishwa ndani wakati wengine wanashika kazi: desturi hizi za mzazi zina hekima. Kitambaa chenye joto la kiasi juu ya tumbo hupunguza maumivu, chakula hurudisha nguvu, na mwenye kupumzishwa anajua kuwa ana watu. Kosa ni kudhani maji hayo yanaosha ndani, kisha kuyazidisha moto mpaka ngozi inababuka. Na ajabu ni kwamba mwanamke ambaye mimba imetoka ndiye mara nyingi anayenyimwa sehemu njema ya desturi hiyo, kwa kuwa amejificha, akabaki na sehemu mbaya peke yake.

Hapo tumefika kwenye moyo, na hili halijatengana na lile la uchafu. Mwanamke anayeambiwa kuwa ndani yake kumebaki kitu kichafu hapumziki. Kila tone la damu analisoma kama hukumu. Nchini Marekani, Diana Greene Foster na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, waliwafuatilia kwa miaka 5 karibu wanawake 1,000 waliokwenda kutoa mimba, baadhi wakakubaliwa na wengine wakakataliwa. Waliotoa hawakuugua sonona kuliko waliokataliwa; hisia iliyotajwa zaidi ilikuwa ahueni. Lakini waliohofia kudharauliwa na watu wao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kusumbuka kisaikolojia miaka mingi baadaye. Utasema Marekani siyo Tanzania, ambako Kanuni ya Adhabu inafanya utoaji mimba kuwa kosa isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kweli kabisa, na ndiyo maana siri na dharau hapa zinauma zaidi. Wala isidhaniwe kwamba wanaoumia ni waliotoa tu: utafiti wa Uingereza uliochapishwa 2020 ulikuta karibu wanawake 3 katika 10 wana dalili za msongo wa kiwewe mwezi mmoja baada ya mimba kuharibika au kutunga nje ya kizazi. Mtu anaweza kuhisi ahueni na huzuni siku ileile. Asilazimishwe kulia, wala asikatazwe. Ila akikosa usingizi, hamu ya kula na hamu ya kuishi kwa zaidi ya wiki 2, aonane na mtoa huduma ya afya ya akili. Akiwaza kujidhuru, aende leo.

Yaliyobaki ni mafupi. Maumivu: ibuprofen au paracetamol. Tumia pedi badala ya kitu cha kuingiza ukeni, oga maji ya kawaida, tendo la ndoa lisubiri damu ikatike. Kipimo cha mimba cha mkojo kinaweza kuonyesha mistari miwili kwa wiki 4 au zaidi, usikikimbilie. Yai linaweza kupevuka ndani ya wiki 2, kabla hata ya hedhi, kwa hiyo asiyetaka mimba aanze uzazi wa mpango mapema: vidonge, sindano na vijiti hata siku hiyohiyo, kitanzi baada ya kuthibitika kwamba kizazi kimebaki kitupu na hakina maambukizi. Anayetaka mimba asubiri nguvu na moyo virudi; tafiti za karibuni hazijaonyesha kuwa lazima angoje miezi 6 baada ya mimba kuharibika. Kimbia hospitali ukilowanisha pedi 2 kubwa kila saa kwa saa 2 mfululizo, ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi inayodumu siku nzima, ukitokwa na uchafu wenye harufu kali, ukipata maumivu makali ya tumbo au bega, au ukizimia.

Na ukifika, sema ukweli. Mweleze mtoa huduma ulichomeza au ulichoweka, lini na kiasi gani, kwa sababu jibu hilo linaweza kubadilisha tiba. Huduma baada ya mimba kuharibika ni haki ya kila mwanamke anayefika kituoni, hata iwe mimba imetokaje.